Krediti 330 Zisizotosha: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi Aliyesoma Shahada kwa Moduli

Alikuja ofisini kwangu katika wiki ya pili ya muhula akiwa na swali dogo: maombi ya kuhudhuria mahafali hupelekwa lini, na vipimo vya joho huchukuliwa wapi. Aliweka mezani bahasha ya plastiki yenye vyeti na daftari jembamba ambamo alikuwa ameorodhesha kwa mkono wake kila somo alilofaulu kwa miaka 6, akajumlisha chini ya ukurasa, kisha akaizungushia jumla ile wino mwekundu mara mbili. Ilisomeka 330. "Mwalimu, nimebakiza krediti 30 tu," alisema, "na masomo mawili ya kumalizia nimeshajisajili." Shahada aliyokuwa akiisomea ni ya krediti 360, na kati ya masomo hayo mawili moja lilikuwa la krediti 20 na jingine la krediti 10, kwa hiyo kama kazi ya kujumlisha na kutoa, daftari lake halikuwa na kosa lolote.

Mwanafunzi huyu ni mama anayefanya kazi ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa hospitalini, kwa zamu zinazobadilika kila wiki, na alichagua shahada ya usimamizi wa huduma za afya kwa njia ya moduli kwa sababu ile ile inayowavuta wengi: kusoma somo moja au mawili kwa muhula, kulingana na nafasi, bila kuacha kazi. Kisa chake nakieleza kwa kirefu kwa sababu hakuna mahali popote ambapo alizembea. Alifaulu karibu kila alichokigusa. Hata hivyo alikuwa hatua chache kutoka kwenye kupoteza shahada yenyewe, na chanzo cha hatari hiyo kilikuwa uhuru uleule uliomwezesha kusoma.

Kwanza tukubaliane krediti ni nini. Krediti hupima wingi wa kazi ya kujifunza. Uingereza, na katika nchi kadhaa zilizofuata mkondo huo, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, zikijumlisha mihadhara, kujisomea, mazoezi na kujiandaa kwa mtihani, na shahada ya kwanza yenye daraja huwa na krediti 360. Katika mfumo wa Ulaya ulioanza mwaka 1989 ndani ya mpango wa Erasmus wa kubadilishana wanafunzi, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60 na kila krediti hubeba saa 25 hadi 30, ndiyo maana shahada ya miaka mitatu huko husemwa kuwa ya krediti 180. Marekani shahada ya kwanza huwa na krediti 120 kwa kawaida. Tarakimu hizi zinatofautiana kama kilo zinavyotofautiana na ratili, na mtu anayehama na cheti chake kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine asipolijua hilo hupata mshtuko kabla hata hajafungua kitabu.

Hitaji la kuhesabu namna hii lilitokana na uchaguzi wa masomo. Charles Eliot alipoanza kukiongoza Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1869, alipanua uhuru wa wanafunzi wa kujichagulia masomo, na palipoacha kuwapo orodha moja inayosomwa na wote, ilibidi kipatikane kipimo cha kuonyesha kwamba aliyesoma kemia na aliyesoma Kigiriki wamefanya kazi inayolingana. Baadaye vikaja vyuo vilivyojengwa juu ya kipimo hicho tangu msingi. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipata hati yake mwaka 1969, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, na kiliwaruhusu kukusanya krediti kidogo kidogo bila kuwadai sifa za kujiunga. Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi mwaka 1998 kwa kuanzisha kile kinachoitwa benki ya krediti, ambamo mtu hukusanya krediti kutoka taasisi mbalimbali na kutunukiwa shahada ya kwanza zikitimia 140 pamoja na masharti mengine.

Neno "benki" limekaa vizuri masikioni, lakini nadhani ndilo linalopotosha watu. Fedha iliyomo benki haina kumbukumbu ya ilikotoka. Noti ya leo na ya mwaka juzi hununua kitu kimoja. Krediti ina kumbukumbu. Inajua ni ya ngazi gani, ni ya somo la lazima au la hiari, ilipatikana chuo gani na mwaka gani, na kama maudhui yake yamekwisha kuhesabiwa mahali pengine. Daftari la mwanafunzi wangu lilikuwa limefuta kumbukumbu hiyo yote na kubakiza tarakimu. Mfumo wa chuo wa mtandaoni nao ulifanya vivyo hivyo: alipoingia kwenye akaunti yake alikuta mstari wa kijani uliojaa sehemu kubwa, na chini yake maneno "krediti ulizokusanya: 330". Hakuna mahali palipomwambia ngapi kati ya hizo zinaingia kwenye shahada.

Nilifungua mwongozo wa programu ukurasa wa masharti ya kuhitimu, nikaweka daftari lake pembeni, tukaanza kupitia somo baada ya somo. Masharti yenyewe si mengi. Krediti 360 zigawanywe katika ngazi tatu za krediti 120 kila moja. Katika ngazi ya kwanza, krediti 80 ni za masomo manne ya lazima na 40 ni za hiari. Ngazi ya pili ina somo la lazima la mbinu za utafiti, na ngazi ya tatu ina mradi wa utafiti wenye krediti 40. Krediti zinazoletwa kutoka nje zisizidi 120, na zote ziwe za ngazi ya kwanza. Masomo mawili yenye maudhui yale yale hayahesabiwi mara mbili. Na yote yakamilike ndani ya miaka 8 tangu usajili wa kwanza.

Ngazi ya kwanza ndipo palipovuja zaidi. Alikuwa na krediti 160 huko. Sitini kati ya hizo zilitokana na stashahada aliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, na chuo kilizipokea kama krediti za hiari. Krediti 100 zilizobaki alizisoma mwenyewe: masomo matatu ya lazima, ambayo ni utangulizi wa mfumo wa afya, uandishi wa kitaaluma na misingi ya uhasibu, pamoja na masomo mawili ya hiari aliyoyachagua, kwa maneno yake mwenyewe, "kwa sababu yaliingiana na zamu". Kwa hiyo alikuwa na krediti 60 za lazima na krediti 100 za hiari, ilhali nafasi za hiari ni 40 tu. Sitini zikaanguka papo hapo. Krediti nyingine 10 zilitokana na kozi fupi ya uongozi aliyoifanya kazini na ambayo chuo kiliitambua, lakini maudhui yake yalikuwa ndani ya somo la uongozi la ngazi ya pili ambalo alikwisha kulifaulu. Nazo zikaanguka. Ngazi ya pili alikuwa na krediti 100 safi, na ngazi ya tatu krediti 60 safi.

Tukapata 260. Alichukua kalamu yake, akaandika tarakimu hiyo kando ya 330 iliyozungushiwa wino, akakaa kimya akiitazama. Alichobakiza hakikuwa krediti 30 bali 100, na kwa kipimo cha saa 10 kwa krediti, kazi aliyodhani ni ya saa 300 ilikuwa ya saa 1,000. Masomo mawili aliyojisajili muhula ule, yote ya hiari na ya ngazi ya kwanza, yasingemwongezea hata krediti moja.

Wasomaji wengi wa kisa kama hiki wangeishia hapo, wakisema kwamba funzo ni kusoma masharti mapema. Lakini upungufu wa krediti haukuwa tatizo kubwa zaidi. Mtu aliyebakiza krediti 100 anaweza kuzimaliza kwa mwaka mmoja akiwa na muda. Swali zito lilikuwa zile 100 ni zipi, na zinafuatana vipi.

Orodha ilikuwa hii. Ngazi ya kwanza alikosa somo moja la lazima, takwimu, krediti 20. Ngazi ya pili alikosa mbinu za utafiti, krediti 20. Ngazi ya tatu alikosa mradi wenye krediti 40 na somo moja la hiari la krediti 20. Ukiyatazama matatu ya mwanzo utaona kwamba hayakukosekana kwa bahati. Mbinu za utafiti haisomwi na asiyefaulu takwimu, na mradi hauanzwi na asiyefaulu mbinu za utafiti. Ni mnyororo mmoja, na pete yake ya kwanza ni somo alilolikwepa kwa miaka 6.

Nilimuuliza kwa nini takwimu ilibaki. Hakujitetea. Alisema hesabu zilimtisha tangu shuleni, na kwa kuwa kila muhula palikuwa na masomo mengine ya kuchagua, alijiambia kila mara kwamba ataichukua muhula ujao akiwa na nafasi ya kutulia. Katika programu ya kawaida, ya darasa linalosonga pamoja, asingeweza kufanya hivyo. Ratiba ingemkalisha kwenye somo la takwimu mwaka wa kwanza, apende asipende, na angefaulu au angerudia akiwa bado na muda. Mpango wa moduli ulimwondolea shinikizo hilo na haukuweka chochote badala yake. Kila muhula aliofaulu somo jingine ulimpa hisia halali kabisa ya kusonga mbele, na mstari wa kijani ukawa unajaa, huku umbali wa kufika mwisho ukiwa haupungui hata siku moja, kwa sababu umbali huo haukupimwa kwa krediti zilizobaki. Ulipimwa kwa urefu wa mnyororo.

Na mnyororo huu ulikuwa na kalenda yake. Takwimu hufundishwa muhula wa kwanza wa mwaka tu. Mbinu za utafiti hufundishwa muhula wa pili tu. Mradi huanza muhula wa kwanza na kuchukua mihula miwili. Hata kama mwanafunzi angeacha kazi na kuwa na saa 60 kwa wiki za kusoma, asingeweza kuumaliza kwa chini ya mihula minne mfululizo, yaani miaka miwili kamili. Yeye alikuwa anaanza mwaka wa saba kati ya minane aliyoruhusiwa. Kama angelikuja kuuliza habari za joho wiki mbili baadaye, dirisha la kuongeza na kuacha masomo lingekuwa limefungwa, takwimu ingesubiri mwaka mzima, na mradi ungeangukia nje ya kikomo.

Palikuwa na siku nne za kazi kabla ya dirisha kufungwa.

Jambo la kwanza tulilofanya halikuhitaji mjadala: aliacha yale masomo mawili na kujisajili takwimu. Baada ya hapo tukayapima mengine kwa utulivu kidogo, na hapa nakiri kwamba ushauri wangu wa awali haukuwa mzuri. Nilipoona kwamba kila mwezi huandaa taarifa za idadi ya wagonjwa, wastani wa siku za kulazwa na viwango vya kurudi hospitalini, nilifikiri tuombe utambuzi wa ujuzi aliokwisha kuupata kazini ili apewe krediti za takwimu bila kulisoma somo. Utaratibu huo upo katika vyuo vingi vinavyotumia krediti na ni wa haki kabisa: mtu huwasilisha jalada la kazi zake au hufanya mtihani wa kuthibitisha, na akionyesha kwamba anayajua yale somo linayoyalenga, hupewa krediti zake. Tulipoyasoma matokeo tarajiwa ya somo moja moja, ilionekana kwamba yeye alikuwa na nusu ya kwanza, ile ya kueleza na kufupisha takwimu. Nusu ya pili, yaani uwezekano, sampuli na kupima dhana, hakuwa nayo, na hiyo ndiyo inayobebwa na mbinu za utafiti. Isitoshe, kamati inayopitia maombi hayo hukutana mara moja kwa muhula na ilikuwa imeshakutana. Ningefuata wazo langu, angengoja kikao huku dirisha likifungwa, na hata akikubaliwa angeingia kwenye somo la pili akiwa na krediti bila ujuzi wake.

Njia nyingine ilikuwa kusoma takwimu katika chuo kingine kinachoitoa kila baada ya miezi michache na kuhamisha krediti. Kanuni zilimruhusu, kwa kuwa alikuwa ametumia 60 tu kati ya 120 za kutoka nje. Lakini kuna sharti ambalo wanafunzi hulipuuza, kwamba idhini ya maandishi ipatikane kabla ya kujisajili huko nje, la sivyo chuo kinachopokea kina haki ya kulikataa somo au kulipokea kama la hiari lisilotimiza sharti la lazima. Tulibaki na njia hii kama akiba endapo angefeli.

Akauliza pia kuhusu stashahada yake: ilikuwa na krediti 120, na chuo kilizipokea 60. Je, asidai zile nyingine? Swali lilikuwa la msingi, na katika nchi zilizoridhia Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997 kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, taasisi inayokataa ndiyo hubeba mzigo wa kuonyesha kwamba kuna tofauti kubwa. Kwake haikuwa na maana ya kulifuatilia. Krediti hizo zingeingia ngazi ya kwanza kama za hiari, mahali ambapo tayari alikuwa na 60 za ziada. Nalitaja kwa sababu nimewaona wanafunzi wakipigania kwa miezi kadhaa krediti ambazo, wakishazipata, hazina pa kukaa.

Kisha likaja suala la saa. Somo la krediti 20 ni saa 200, na muhula pamoja na mitihani ni wiki 17, kwa hiyo somo moja ni karibu saa 12 kwa wiki. Nilimwomba alete ratiba yake ya zamu ya miezi miwili iliyopita, tukahesabu saa alizoweza kusoma kwa kweli, si zile ambazo angetamani. Zilikuwa 11 hadi 14 kwa wiki. Ana uwezo wa somo moja kwa muhula. Krediti 100 kwa mwendo wa 20 kwa muhula zinahitaji mihula mitano, na yeye alikuwa na minne. Ilimaanisha kwamba muhula mmoja angelazimika kubeba krediti 40, karibu saa 24 kwa wiki juu ya kazi ya zamu, na muhula huo ungekuwa ama ule wa takwimu, ama ule wa mbinu za utafiti, ama mmoja wa mradi. Sikupenda hata kimoja.

Hapo ndipo nilipouliza kuhusu mwaka wa nne, ambao katika daftari lake ulikuwa ukurasa mtupu. Alikuwa amejifungua, na mtoto akaugua mwaka huo. Kwa kuwa alielewa kwamba kusoma kwa moduli ni kuchukua somo unapokuwa na nafasi, hakujisajili mihula miwili na hakumwarifu mtu yeyote. Wengi hufanya hivyo, nami sidhani ni kosa lao peke yao, kwa sababu matangazo ya programu hizi husema "soma kwa kasi yako" na hayasemi kwamba saa ya chuo inaendelea kugonga usipojisajili. Kuahirisha masomo rasmi, kwa fomu ya ukurasa mmoja, kungesimamisha muda. Kutojisajili kimyakimya hakusimamishi.

Tuliandika barua kwa kamati ya taaluma kuomba mihula ile miwili ihesabiwe kuwa ya kuahirisha. Aliambatanisha cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya likizo ya uzazi, ambayo iliugusa muhula wa kwanza tu. Kwa muhula wa pili hakuwa na karatasi yoyote. Mtoto alitibiwa nje na kadi zilikuwa zimepotea. Kamati ilikubali muhula mmoja. Nilivunjika moyo kidogo niliposoma jibu, kisha nikaona kwamba muhula huo mmoja ndio uliokuwa unapungua: mihula mitano, krediti 20 kila muhula, krediti 100.

Kabla hatujafunga mpango, palikuwa na swali moja ambalo nilitaka alijibu yeye mwenyewe. Katika mifumo inayofuata utaratibu wa Uingereza, safari ya krediti 360 ina vituo njiani: krediti 120 hutoa cheti, 240 hutoa stashahada, na 300, zikiwemo angalau 60 za ngazi ya juu kabisa, hutoa shahada ya kawaida isiyo na daraja. Chuo chake kilikuwa na vituo hivyo. Akiwa na 260, akiongeza takwimu na mbinu za utafiti, angefika 300, na krediti 60 za ngazi ya tatu alikuwa nazo tayari. Angeweza kutoka na shahada mwisho wa mwaka wa saba, bila mradi. Tangazo la cheo alichokuwa akikilenga kazini lilisema "shahada", bila kutaja daraja. Lakini kanuni za chuo zilisema pia kwamba anayepokea tuzo ya njiani hufungiwa usajili wa programu ile, na kurudi kwa ajili ya daraja ni kuanza maombi upya, bila hakika kwamba krediti zilizokwisha kutumika kwenye tuzo zitapokelewa tena zote. Programu nyingi za shahada ya uzamili nazo hudai shahada yenye daraja.

Hakutoa jibu siku hiyo. Alirudi baada ya wiki moja akasema atakwenda mpaka mwisho, ila anataka ile ya 300 iwepo mlangoni kama mambo yatakwenda kombo. Nililiona kuwa jibu la busara kuliko lile ambalo mimi ningelitoa, maana nilikuwa nimeelemea upande wa kuchukua kilicho mkononi. Tukaupanga mnyororo uanze: takwimu, mbinu za utafiti, mradi wa mihula miwili, na somo la hiari la ngazi ya tatu, ambalo hufundishwa kila muhula na halina somo tangulizi, likawekwa mwisho kabisa. Ulikuwa mpangilio wa kinyume na aliouzoea. Kwa miaka 6 alikuwa ameanza na masomo yanayosubiri na kuyasubirisha yale yasiyosubiri.

Takwimu alifeli mtihani wa kwanza kwa alama 3. Mtihani wa marudio ulikuwa wiki chache kabla ya muhula wa pili, na katika wiki hizo aliacha kufanya mazoezi ya kitabuni akaanza kutumia idadi ya wagonjwa wa idara yake mwenyewe, akijiuliza kama tofauti ya muda wa kusubiri kati ya zamu ya asubuhi na ya usiku ni ya kweli au ni ya bahati. Alinionyesha ukurasa mmoja: safu mbili za dakika zilizoandikwa kwa penseli, wastani wa kila safu, na pembeni swali lenye alama mbili za kuuliza. Alifaulu marudio, na kwa mujibu wa kanuni alama yake ikarekodiwa kuwa ile ya chini kabisa ya kufaulu. Kwa kuwa chuo hicho, kama vyuo vingi, hukokotoa daraja kwa alama za ngazi ya pili na ya tatu tu, alama hiyo haikugusa daraja lake.

Mbinu za utafiti ilipita bila habari ya kusimulia. Mwisho wa muhula huo alipokea barua ya ofisi ya msajili ikimweleza kwamba anastahili shahada ya kawaida na kumtaka asaini kama anaihitaji. Hakusaini. Ile safu mbili za dakika ikawa pendekezo la mradi, na mradi ulichukua mihula miwili yote, mmoja ukiliwa kwa kiasi kikubwa na kusubiri kibali cha maadili ya utafiti kwa ajili ya kutumia kumbukumbu za wagonjwa. Mtu anayepanga mradi wa aina hiyo na aombe kibali kabla ya muhula kuanza, kama chuo kinaruhusu.

Somo la mwisho, lile la hiari, alilimaliza katika muhula wa nyongeza. Muhula wa kwanza wa mwaka hauna mahafali katika chuo kile, na yeye hakutaka kungoja miezi mingine, kwa sababu nafasi ya kazi ilikuwa imetangazwa. Alikwenda dirishani kwa msajili asubuhi moja akitoka zamu ya usiku, akasaini kwenye daftari, akapewa cheti na hati ya matokeo yenye kurasa tatu. Kwenye ukurasa wa pili zile krediti 70 zilizoanguka zimeorodheshwa zote, na mbele ya kila moja kuna kinyota kinachosema kwamba haihesabiwi kwenye tuzo. Joho hakulivaa.